Muda wa Kusoma Unahitaji Walinzi

Kila vyuo vinapofunguliwa, kijana anayetoka Kahama, Geita au Kishapu kwenda kuanza mwaka wa kwanza hubebeshwa nasaha tatu: asome kwa bidii, amche Mungu, aepuke makundi. Mbili za kwanza sina ugomvi nazo. Ya tatu hutolewa kwa mapenzi, lakini imewaponza wanafunzi wengi kuliko tunavyokubali, kwa sababu humfanya kijana aamini kwamba kufaulu ni kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na daftari lake. Mimi nashikilia kinyume chake. Tabia inayomvusha mwanafunzi chuoni ni kulinda saa zake za kusoma zisiliwe na mambo mengine, na ulinzi huo haudumu mikononi mwa mtu mmoja. Hudumu pale alipo na wenzake wanaomngoja, wanaomuuliza na wanaomdai. Mwanafunzi asiye na kundi la namna hiyo hajaepuka hatari yoyote. Ameachwa nayo peke yake.

Tuanze na hesabu ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuifanya. Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unaichukulia krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti zisizopungua 120. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa mihula miwili yenye wiki 15 kila mmoja, utapata saa 40 kwa wiki, sawa na ajira ya kutwa. Saa za kukaa mbele ya mhadhiri ni sehemu tu ya hizo; zilizobaki mwanafunzi amekabidhiwa azitumie mwenyewe, bila kengele, bila mwalimu wa zamu. Kwa kijana aliyetoka shule ya bweni, ambako prepo ya usiku ilisimamiwa na hata muda wa kulala ulitangazwa, huo ni uhuru mkubwa kuliko wowote aliowahi kupewa, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuutumia. Basi muhula unaanza taratibu. Masomo yanasogea, desa, yaani nakala za masomo, zinarundikana kwenye simu, kila mtu anajiambia ataanza wiki ijayo. Kisha ratiba ya mitihani inabandikwa, usiku unageuzwa mchana, na matokeo yakitoka kuna sapu mbili au tatu, na mwenyewe atasema mtihani ulikuwa mgumu.

Kukesha kunasifiwa mno vyuoni kwetu, kana kwamba macho mekundu ni ushahidi wa juhudi. Ushahidi tulionao unasema vingine. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua kabla ya kupewa kitambulisho cha chuo. Wanafunzi walisoma maandishi mafupi. Baadhi wakayarudia kwa kuyasoma tena, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56. Kusoma desa mara tano usiku wa kuamkia mtihani kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inakudanganya. Kinachobaki kichwani ni kile ulichojaribu kukitoa mwenyewe, ukakosea, ukasahihishwa, ukajaribu tena siku nyingine. Njia hiyo inahitaji siku nyingi zenye saa chache zilizolindwa, na ndiyo maana haiwezekani kwa mtu anayeanza wiki moja kabla ya mtihani, hata awe na akili kiasi gani.

Jambo hili ni gumu popote duniani, lakini katika ukanda wa dhahabu, Shinyanga na Geita, lina uzito wa ziada ambao mshauri anayeandika akiwa Dar es Salaam huenda asiuone. Dhahabu ina mwendo wake wa wakati. Rashi ikisikika Mwakitolyo au Nyarugusu, watu huhamia huko ndani ya siku chache, na duara, yaani shimo la kuchimbia, likitoa, mtu aliyelala hana nauli anaamka akiulizia bei ya pikipiki. Tangu Soko la Dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo mwenye gramu chache amepata mahali rasmi pa kupimiwa na kulipwa. Ni hatua njema kwa nchi, na siipingi hata kidogo. Lakini tazama inavyomkalia mwanafunzi wa diploma Shinyanga mjini, ambaye malipo ya jasho lake yako mbele miaka miwili au mitatu, na yupo mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka kwa kaka yake mwenye duara. Simu inaingia: tumeanza kupata mawe mazuri, nahitaji mtu wa kuaminika wa kusimamia karasha, mashine ya kusaga mawe, njoo wiki mbili tu. Wanafunzi wachache sana hutangaza kwamba wanaacha chuo. Wengi huondoka kwa wiki mbili, wakirudi wamekosa tesiti, wakakosa zoezi la kikundi, wakaanza kukwepa macho ya mhadhiri, na muhula unaofuata wiki mbili zinakuwa tano. Chuo hakimpotezi kijana huyo siku moja. Kinampoteza kwa vipande, na kila kipande kilikuwa na sababu nzuri.

Na bado ni mkoa huohuo wa Shinyanga uliowahi kuifundisha dunia namna ya kulinda kitu wakati kinaonekana tele. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, majani yakiwa kila mahali, ili lifunguliwe kiangazi ng'ombe wanapoanza kukonda. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu huo ulikuwa umekaribia kufa; zilikuwa zimesalia kama hekta 600 tu zinazojulikana, na Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kinachonigusa zaidi ni namna ilivyofanyika. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Ardhi ilifungwa, na visiki vilivyokuwa vimelala vikachipua vyenyewe. Na ardhi haikubaki imefungwa kwa sababu mfugaji wa Shinyanga ana moyo wa chuma kuliko mfugaji wa kwingine. Ilibaki imefungwa kwa sababu kulikuwa na sheria ndogo za kijiji, kulikuwa na dagashida ya kuzungumza mambo, kulikuwa na sungusungu wa kulinda, na aliyeingiza ng'ombe alilipa faini mbele ya majirani zake. Nia ya mtu mmoja mmoja ilikuwa ileile ya siku zote, yenye kuyumba. Kilichobadilika ni kwamba haikuachwa peke yake. Saa za mwanafunzi mwanzoni mwa muhula ni majani ya wakati wa mvua: ziko tele, hazina bei, na ni vigumu kuamini kiangazi kinakuja.

Ushahidi wa chuoni kuhusu nguvu ya kundi ni wa zamani sasa, na nashangaa haujulikani zaidi. Miaka ya 1970, mwalimu wa hisabati aitwaye Uri Treisman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiuliza kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka somo la kalkulasi, hali wenzao wenye asili ya China walifaulu. Majibu ya haraka yalikuwa tayari: umaskini, wazazi wasiojali, kukosa ari, msingi dhaifu. Treisman aliamua kuwafuatilia wanavyoishi, na majibu yote manne yakapwaya. Wanafunzi wale walikuwa na ari, walitoka katika familia zilizotamani elimu, na walifanya walichoambiwa: walisoma saa zilizopendekezwa, kila mtu chumbani kwake. Wale wa asili ya China nao walisoma peke yao, lakini jioni walikutana, wakalinganisha majibu, wakaulizana, wakagundua kwamba swali lililowashinda wote ni gumu kweli na si dalili ya ujinga wa mmoja wao. Mwanafunzi aliye peke yake hana namna ya kujua hilo. Akishindwa swali, anahitimisha kwamba hafai. Treisman alianzisha vipindi ambamo wanafunzi walikutana kupambana na maswali magumu kwa pamoja, na wanafunzi walewale waliotarajiwa kuanguka wakaanza kufaulu vizuri.

Katika nchi yetu kundi lina kazi nyingine ambayo Berkeley haikuihitaji kwa kiwango hiki. Mtoto wa Msalala au Nyang'hwale husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, na wengi hufika chuoni wakiwa wamezoea kukariri sentensi wasizozielewa, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyowavusha kidato cha nne. Kukariri huko ndiko kunakolisha utamaduni wa desa. Diskasheni nzuri huuvunja. Wanafunzi wanne wakikaa chini ya mwembe wakieleza kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale inapobidi, jinsi mzunguko wa damu unavyofanya kazi au kwa nini mizania haikulingana, wanalazimika kuelewa, kwa sababu hakuna anayeweza kumweleza mwenzake jambo asilolijua kwa lugha ambayo wote wanaijua vizuri. Baada ya hapo kuliandika kwa Kiingereza ni kazi ya kutafuta maneno, na maneno hupatikana. Ningependa kuona wahadhiri wakiwahimiza wanafunzi wafanye hivyo waziwazi, badala ya kukunja uso wakisikia Kiswahili kikitumika maktaba.

Najua pingamizi la kwanza ambalo mwanafunzi yeyote atalitoa hapa, na ni pingamizi la haki. Makundi ya chuoni yanafahamika kwa uvivu. Mhadhiri anatoa zoezi la kikundi la watu 10, wawili wanalifanya, wanane wanaandikisha majina na namba za usajili, na wote wanapata alama sawa. Kwa mwanafunzi makini aliyebebeshwa mzigo wa wenzake muhula mzima, kuambiwa afuate kundi ni tusi. Lakini kundi hilo limeundwa na orodha ya majina, na linakutana kwa ajili ya karatasi ya kukabidhi. Kundi ninalolisema ni dogo, la watu watatu hadi watano waliochaguana wenyewe, lina saa na mahali pasipobadilika, na halikabidhi kitu kwa mtu yeyote. Kila mmoja anafika akiwa amekwisha soma, maana kazi ya kikao ni kuulizana maswali, pasti pepa ikiwa mezani na desa zikiwa zimefungwa. Asiyejiandaa anaonekana ndani ya dakika tano. Na liwe na adhabu, hata kama ni ndogo kama kuwanunulia wenzako chai, na liwe na ujasiri wa kumwondoa anayerudia kosa. Kundi lisiloweza kumwambia mtu "leo hukujiandaa" ni kijiwe, na kijiwe ndicho mzazi aliyetoa ile nasaha ya tatu alichokuwa akikiogopa. Hapo mzazi yuko sahihi kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka machimboni. Kwa nini kijana ajifunge miaka mitatu wakati wahitimu wamejaa mitaani bila ajira, na mtu asiye na cheti anaweza kuwa bilionea? Juni 2020 nchi nzima ilimwona Saniniu Laizer wa Mererani akiiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Mifano ya namna hiyo, midogo zaidi, ipo kila kata ya Geita. Siwezi kuikana. Ninachosema ni kwamba tunawaona wachache waliopata na hatuwaoni wale walioshuka duarani miaka kumi wakatoka na kifua kibovu, kwa sababu hao hakuna anayewapiga picha. Laizer mwenyewe, alipopata, alitangaza kwamba atajenga shule. Hata upande wa migodi mikubwa dhahabu haimpi mtu uhakika wa maisha. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa Kahama mwaka 2009 na ukafikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Aliyeingia pale akiwa na miaka 22 alitoka akiwa na 34, na kilichompeleka kwenye kazi iliyofuata ni ujuzi uliothibitishwa. Mgodi wa Bulyanhulu ulipopunguza shughuli mwaka 2017, baada ya zuio la kusafirisha makinikia, wengi walipoteza ajira, na waliokuwa na fani ya umeme, ufundi mitambo au upimaji walikuwa na mahali pa kupiga hodi. Machimbo madogo nayo yamebadilika. Elusheni, kazi ya kutenganisha dhahabu kwa kemikali, inahitaji mtu anayejua kemia, leseni inahitaji anayeweza kusoma sheria, mgao wa mawe unahitaji anayejua hesabu ili asidhulumiwe. Kijana anayemaliza chuo hajaipa dhahabu kisogo. Anarudi kwake akiwa na kitu cha kuuza ambacho hakiishi pale mwamba unapoisha.

Kuhusu ajira kwa wahitimu, nakiri pingamizi lina ukweli ambao hakuna tabia njema ya mwanafunzi itakayoufuta. Hapa ndipo tunapaswa kuwa waangalifu tusigeuze mazungumzo ya tabia kuwa njia ya kumlaumu maskini. Watu hupenda kusimulia jaribio la Walter Mischel wa Stanford, mwishoni mwa miaka ya 1960, la watoto walioahidiwa kitamu kimoja sasa au viwili wakisubiri. Waliosubiri walionekana kufanya vizuri zaidi ukubwani. Lakini mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia kwa watoto wengi zaidi, na uhusiano ule ukapungua nusu, kisha ukapungua tena walipozingatia hali ya familia. Na mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walionyesha sababu mojawapo: watoto waliokuwa wametoka kukutana na mtu mzima aliyetimiza ahadi walisubiri kwa wastani dakika 12, na waliokutana na asiyetimiza walisubiri dakika 3. Walipangiwa kundi kwa bahati nasibu, hivyo tofauti za tabia haziwezi kuwa maelezo. Mtu akiahidiwa akakosa, kukimbilia kilicho mkononi ni busara. Basi bumu, fedha ya mkopo wa masomo, likichelewa wiki sita, matokeo yakikaa miezi bila kutolewa, field ikaahidiwa mgodini kisha mwanafunzi akaambiwa nafasi zimejaa, tunamfundisha kwa vitendo kwamba kusubiri hakulipi. Halafu kaka anapopiga simu kutoka machimboni, tunashangaa amekwenda.

Kuna pia wanafunzi ambao muda wao haujawahi kuwa wao. Msichana anayesoma akitokea nyumbani Kahama au Geita mjini huamka kuteka maji, hupika, hulea wadogo zake, na akitoa daftari usiku anaulizwa mbona hajaosha vyombo. Kaka yake akisoma, nyumba nzima inanyamaza. Hakuna kundi la diskasheni litakaloweza kurekebisha hilo bila mzazi kuamua kwamba saa mbili za jioni za binti yake nazo zimefungwa, na ng'ombe haingii.

Kwa hiyo wajibu haumwishii mwanafunzi. Vyuo vya Shinyanga na Geita, vya ualimu, ushirika, afya, madini na ufundi, vifungue madarasa usiku na siku za Jumamosi, viweke taa na mlinzi, maana mwanafunzi anayelala na wenzake wawili katika chumba kimoja cha kupanga hana pa kukutania na kundi lake. Wahadhiri watoe majaribio madogo ya mara kwa mara, hata yasiyo na alama, badala ya kusubiri tesiti mbili kwa muhula. Bodi ya Mikopo ichukulie tarehe ya kutoa fedha kama ahadi. Na kuna fedha ambayo iko karibu zaidi kuliko Dodoma: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, nasi tunashukuru. Naziomba halmashauri za Geita, Msalala na Kahama ziongeze humo kumbi za kusomea zenye umeme wa uhakika, na nafasi za field zinazotangazwa mapema na kutolewa kama zilivyotangazwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na jengo la utawala.

Na wewe unayeripoti chuoni mwaka huu, ndani ya wiki mbili za kwanza watafute wenzako watatu au wanne walio makini kama wewe au kukuzidi. Pangeni siku, saa na mahali. Wekeni faini. Kisha mpigie kaka yako aliyeko machimboni, kabla hajakupigia yeye, umweleze tarehe za likizo yako na kwamba kabla ya hapo asikutafutie kazi.